Miguu ya Chura

Nianze na chakula chenyewe, maana watu wamekisema sana bila kukijua, na mimi nimechoka kusikia.

Unachukua unga wa ngano, mayai na maziwa. Unakoroga mpaka upate rojo laini lisilo na madonge, kama la chapati za maji lakini jepesi zaidi, halafu unaliacha litulie. Unapanga soseji kwenye chombo chenye mafuta, unaziweka kwenye moto mkali mpaka mafuta yaanze kutoa moshi. Hapo ndipo unamimina rojo, unafunika, unaondoka zako. Mambo ya kufunua na kuchungulia hapana. Ukichungulia linanywea. Ukiwa na subira linafura pembeni kama andazi, linageuka rangi ya kahawia, na soseji zinabaki katikati zimechomoza vichwa. Ni hivyo tu. Ni chakula cha Waingereza cha kushibishia watoto, hakina uchawi wala uchafu. Kwa ajili ya chakula hicho mama yangu alikaa nje ya kanisa mpaka alipokufa.

Kwa ajili ya chakula, na kwa ajili yangu. Zaidi kwa ajili yangu. Nitasema.

Sisi ni watu wa Susuni, wakulima, na nyumbani kwetu tulisali Jumamosi. Anayejua watu wanaosali Jumamosi anajua na vyakula vyao. Nguruwe hapana, kambare hapana, kitambaacho chochote hapana. Ijumaa jua likiinamia magharibi kila kitu kiwe kimepikwa, maji yawe yamechotwa, nguo ziwe zimepigwa pasi, kwa sababu Sabato moto wa kupikia hauwashwi. Mama aliyashika hayo kwa moyo wake wote, wala si kwa kuogopa watu. Katika kwaya aliimba sauti ya pili. Kwaya yetu ilikuwa na wanawake wengi wa sauti ya kwanza, wenye kelele nzuri tu, lakini sauti ya pili ilikuwa ni yeye, na wengine walimfuata.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu. Wanaume waliwaachia wake zao palizi wakaenda Nyamongo. Fundi baiskeli wetu alikwenda, mwalimu wetu wa hesabu alikwenda na chaki mfukoni. Ndugu zetu wa upande wa Kenya walivuka Sirari na makoleo begani, wakalala sebuleni kwetu usiku mmoja, asubuhi wakaendelea. Baba naye alikwenda. Wachimbaji wale shimo lao hawaliiti shimo, wanaliita duara. Shimo ni neno la kaburi, na mtu anayeshuka chini kila siku hataki kulisikia. Kwa hiyo nyumbani kwetu nako, tangu baba aondoke, mama alipiga marufuku neno shimo. Hata la takataka tuliliita jalala. Ukikosea, unakatwa jicho.

Na wazungu wakaja. Hawa hawakwenda Nyamongo moja kwa moja, walizunguka wakichoronga ardhi huku na huku kuona kama kuna kitu. Waliweka kambi ya mahema bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu, na mitambo yao ikawa inaunguruma kutwa. Walihitaji wapishi. Mama aliwahi kupika kwenye bweni la shule, akaenda kuomba, akapata. Aliyekuwa mkubwa wa jiko alikuwa Mwingereza mzee, fundi wa mitambo, uso mwekundu, Kiswahili chake cha kuamrishia punda. Mama alimwambia mambo mawili siku ya kwanza: Ijumaa mchana ninaondoka mpaka Jumapili asubuhi, na nguruwe sigusi. Mzee akakuna kichwa, akasema sawa. Nguruwe akaachiwa mpishi mwenzake, mwanamume wa Musoma asiye na masharti.

Mzee yule kila wiki alitaka chakula chake kimoja cha kwao. Soseji zake zilikuja katika boksi kupitia Sirari, na zilikuwa za nguruwe. Wiki moja boksi halikufika, na mzee akanuna. Mama akasema ngoja. Akachukua nyama ya ng'ombe, akaikatakata kwa kisu mpaka ikawa laini kabisa, akatia chumvi, pilipili manga na mkate uliofikichwa, akaosha utumbo wa mbuzi mara saba, akajaza, akafunga kwa uzi. Mzee akasimama karibu naye kumwelekeza rojo na moto. Kilipoiva alikula kimya, akaomba tena, akachukua sahani akaenda kuwaonjesha wenzake. Toka siku hiyo boksi la Sirari halikuagizwa tena kwa ajili ya chakula hicho. Soseji ni za mama.

Nakumbuka alivyotusimulia. Mama hakuwa mtu wa kujisifu, lakini siku hiyo alijisifu mpaka akaona aibu, akajifanya anatafuta mwiko.

Basi akaanza kutupikia na sisi. Kila Ijumaa alirudi na kipande cha nyama na mayai, akapika kabla jua halijazama, kwenye sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Sabato tukitoka kanisani tulikula kikiwa baridi. Kikipoa kinashuka, kinakuwa kizito, na mimi nilikipenda hivyo. Mama alikiita todinihoo. Ndivyo alivyomsikia mzungu. Wadogo zangu wakiona anamenya vitunguu walicheza uani wakiimba todinihoo, todinihoo, na bibi mzaa baba alisema nyumba hii sasa imehamia Ulaya.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nipo darasa la sita, na nilikuwa na kiburi cha Kiingereza. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kubabaisha, lakini kijijini nani angejua. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kamusi isiyo na jalada, na mimi ndiye niliyeruhusiwa kuishika kwa sababu nilinawa mikono. Nikamwomba mama alitamke lile neno polepole, kama mzungu anavyolitamka. Akalitamka, mara tatu, mara nne, anacheka. Nikaenda kutafuta. Nilitafuta siku mbili. La kwanza nikalipata, toad: chura. La pili nikalipata, hole: shimo.

Nilikimbia nyumbani kama aliyeokota dhahabu mwenyewe. "Mama, nimejua maana yake. Ni chura ndani ya shimo."

Mama hakushtuka kwa chura hata kidogo. Alishtuka kwa lile neno lingine. Aliweka kisu chini. "Neno hilo usilitaje humu ndani," alisema. "Baba yako yuko chini."

"Lakini mama, ndiyo maana ya..."

"Nimesema humu ndani hapana."

Haya. Kama humu ndani hapana, basi nje. Mtoto akinyimwa nafasi ya kujionyesha nyumbani atakwenda kujionyesha mahali pengine, na mimi nilikwenda chemchemini.

Tulikuwa wasichana sita na ndoo zetu. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu, binti wa mzee wa kanisa, tunasoma naye, tunakaa naye darasa moja la ubatizo. Ndiye aliyeuliza, bila ubaya, mama yangu anawapikia nini wazungu. Nikasema, "Chura ndani ya shimo." Wakacheka. Nikasema ndilo jina lake kwa Kiingereza, nimeliona kwenye kamusi. Hawakuacha kucheka. Rafiki yangu akasema, "Muongo wewe. Chura ana miguu. Uliona miguu?"

Hapo ndipo. Ningeweza kusema sikuona, ni jina tu. Kichwani nilikuwa ninajua kabisa kwamba ni jina tu. Lakini walikuwa wananicheka, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa, hata leo.

"Niliiona," nikasema. "Inachomoza. Midogo, imekauka kwa moto, ukiitafuna inavunjika."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

Kicheko kilikatika. Mmoja alitema mate. Wengine walinitazama kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kunitazama. Kwa muda wa kujaza ndoo moja nilikuwa mtu mkubwa Susuni nzima.

Sikumwambia mama. Wiki ikapita. Sabato iliyofuata tuliona kanisani kwamba benchi letu limepata nafasi. Mwanamke aliyekuwa akikaa na mama siku zote alimhamisha mtoto wake upande mwingine. Mama alidhani ni harufu ya moshi wa kambi, akajinusa mkono wa gauni. Jua lilipozama mzee wa kanisa akaja nyumbani. Alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya, mtu wa haki na mcha Mungu. Alikataa kukaa. Alisema yanasemwa mambo kuhusu chakula, na kesho asubuhi baraza la kanisa linamhitaji.

"Mambo gani?" mama akauliza.

"Wanasema unapika chura. Wazungu wanakula, na unawalisha watoto, tena siku ya Sabato."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Chura mimi? Kesho nitawaletea wakione kwa macho yao."

Alipika alfajiri, makaa chini na makaa juu. Nilimpepelea moto. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na mdomo ninao, na sikusema. Nilijiambia wakikiona watajua, yataisha. Kilifura vizuri kuliko siku zote. Mama alifunua mfuniko akakitazama, akasema, "Nani atakataa hiki?"

Lakini kutoka kwetu mpaka kanisani ni mwendo wa nusu saa, asubuhi ya baridi, na chakula kile kikipoa kinashuka. Nimeshasema. Mama alipoondoa kitambaa mbele ya baraza, wanaume watano na shemasi mmoja wa kike, walichokiona ni kitu cha kahawia kilicholala kwenye kitako cha sufuria, kina vinundu, na juu ya vinundu ngozi iliyokaza na kupasuka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona soseji. Walinyoosha shingo kutazama. Mmoja akachokonoa kwa kalamu.

"Ngozi hii ni ya nini?"

"Ni utumbo wa mbuzi. Ndani ni nyama ya ng'ombe. Onjeni."

Hawakuonja. Wale wanaume wanakula mbuzi mpaka kwato, lakini siku ile hakuna aliyenyoosha mkono. Shemasi aliziba pua kwa kanga, na kilikuwa kinanukia vitunguu tu. Mpaka leo nikikumbuka ile kanga ninapandwa na hasira, na nikishapandwa ninakumbuka kwamba ile pua niliiziba mimi.

Mzee wa kanisa akasema, "Tusimwonee mtu. Aliyesema ni mtoto wake mwenyewe. Aulizwe."

Mama akageuka kunitazama. Alikuwa hajui. Mpaka dakika ile alikuwa hajui maneno yalitoka wapi, na mimi niliona namna uso wake ulivyojua. Haukukasirika. Uliacha tu kufanya chochote.

"Binti," mzee akasema, "ulisema uliona miguu ya chura. Uliiona au hukuiona? Fikiri kabla hujajibu. Kama ulimsingizia mama yako, darasa la ubatizo unaliacha, na Sabato ijayo unasimama mbele ya kanisa zima."

Nikafungua mdomo. Nilisema, "Nili..." Wala sijui ningemalizia vipi. Nimejiuliza miaka arobaini ningemalizia vipi, na kila mwaka ninajijibu tofauti.

"Mwanangu hasemi uongo," mama akasema.

Wote wakamgeukia.

"Kwa hiyo ni kweli?" mzee akauliza.

"Nimesema mwanangu hasemi uongo. Andikeni mnavyotaka."

Akafunika sufuria, akajitwika, akanishika mkono tukatoka. Tulipofika aliniketisha jikoni, akakikata kile chakula vipande viwili sawasawa, akaniwekea changu. "Kula," akasema. Nikala. Yeye naye akala chake chote, taratibu, kama mtu anayekula kwake. Kisha akaniuliza, "Chura ulimtoa wapi?"

"Kwenye kamusi, mama."

"Haya."

Miguu hakuuliza. Akaosha mikono, akaenda kambini, alikuwa ameshachelewa.

Sabato iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya kanisa. Wanaokubali aondolewe ushirika waliambiwa wanyooshe mikono. Sikutazama ni mikono mingapi. Mama aliinuka kutoka benchi lake, akakusanya gauni, akatoka nje, na kila mtu alidhani anakwenda nyumbani. Alizunguka ukuta akakaa chini, upande wa wanawake, chini ya dirisha. Madirisha yetu hayakuwa na vioo wakati ule. Kwaya ilipoanza kuimba, sauti ya pili iliingia kupitia dirishani.

Alikaa pale kila Sabato. Mvua ikinyesha alijifunika turubai. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwambia ingia. Kwaya ilimzoea, ikawa inamsubiri aanze.

Wazungu hawakumaliza mwaka. Kwetu hawakupata kitu cha kuwatosha, wakang'oa mahema, wakaacha vidude vya saruji vyenye namba mahali walipochoronga. Mzee wa Kiingereza alimwachia mama bati lake la kuokea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama hakumwambia kilichompata. Angemwambiaje, na kwa Kiswahili kipi. Baba alirudi kutoka Nyamongo akiwa mzima na mikono mitupu, akamkuta mke wake anasali nje, akataka kwenda kupigana na baraza. Mama alimzuia. Hata kwa baba hakunitaja.

Mimi nilibatizwa mwaka uliofuata. Gauni langu jeupe alilipiga pasi yeye. Kwa kuwa hakuwa mshirika alisimama ng'ambo ya mto, peke yake, na nilipoinuka kutoka majini nilimwona ananipungia kanga. Siku ile ningeweza kusema. Nilikuwa nimelowa, ninalia, kila mtu alikuwa anatoa ushuhuda wake. Nilitoa ushuhuda kuhusu uvivu wa kuamka asubuhi.

Nikasoma, nikawa mwalimu. Wa Kiingereza, ukitaka kucheka cheka. Nilipangiwa Busawe, nikaolewa Mugumu na mwanamume wa kanisa letuletu, na kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba jina la kitu usilitafsiri neno kwa neno, utapotea. Darasani nilikuwa mkali. Mtoto akisema uongo nilimwadhibu mpaka mwalimu mkuu akaniita ofisini kuniuliza nina shida gani. Nilikuwa na hasira na baraza, na shemasi na pua yake, na wazungu na majina yao ya kipuuzi. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa yule aliyestahili.

Wachungaji walikuja na kuondoka. Kila mgeni alimkuta mwanamke anasali dirishani, akauliza, akaambiwa, akamfuata. "Mama, ni jambo dogo, tubu tu, ubatizwe upya, yaishe." Mama aliwajibu kwa adabu. Kwangu ndiko alikosema ukweli wake. "Nikitubu chura nitakuwa nimesema uongo. Nikisema hakuna chura..." Akaacha hapo. Akacheka. "Acha nikae nje. Huko nje kuna hewa."

Halafu akasema jambo ambalo sikulisahau hata siku moja. Alikuwa anachambua maharage kwenye lile bati la mzungu. "Kukaa nje siyo shida yangu. Shida yangu ni siku ile. Kanisa haliziki mtu ambaye si wake. Nani ataniimbia?"

Nilijua basi. Sina cha kujitetea, nilijua kabisa. Neno moja langu mbele ya watu lingemrudisha, na neno hilo nilikuwa nalo mimi tu duniani. Nikamwambia, "Mama, makambi ya mwaka huu nitakuja nyumbani, nitaongea na wazee." Makambi ni yale majuma yetu ya mikutano, makanisa yote yanakusanyika uwanjani, watu wanatoa shuhuda. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kusema. Alinitazama tu, akaendelea na maharage.

Mwaka ule nilikuwa mjamzito. Mwaka uliofuata nilipewa darasa la watoto. Mwaka mwingine mume wangu alichaguliwa mzee wa kanisa Mugumu, na mke wa mzee wa kanisa atasimamaje uwanjani kusema alimtoa mama yake mwenyewe ushirika kwa uongo wa chemchemini? Kila mwaka sababu ilikuwepo, na kila mwaka uongo ulizidi kuwa mkubwa kwa sababu ulikuwa umekaa zaidi. Mama hakunikumbusha hata mara moja. Afadhali angenikumbusha.

Alipougua nilimleta kwangu Mugumu, karibu na hospitali. Alikuwa amekonda, lakini akili ilikuwa ileile. Mchana mmoja nimekaa naye barazani, nasahihisha madaftari, akaniita.

"Mwalimu."

"Abee, mama."

"Wewe sasa umesoma Kiingereza chote. Lile neno la yule mzee wangu. Maana yake ni chura kweli?"

"Ni chura kweli, mama. Ndilo jina lake. Ni utani wao tu, kwa sababu soseji zinachomoza vichwa."

Uso wake ukafunguka, akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa hiyo hukudanganya," akasema. "Nilisema kweli mbele yao. Nilisema mwanangu hasemi uongo, na miaka yote hii nilikuwa naogopa kwamba mimi ndiye niliyesema uongo kanisani."

Hebu fikiria. Nilidhani ananibebea uongo wangu, kumbe alikuwa amebeba na mwingine aliodhani ni wake. Na mimi nikiwa nimekaa pale, mwanamke mzima, mwalimu, nilijua kwamba jina lilikuwa kweli lakini miguu haikuwa kweli, na sikusema. Nilimwona amefurahi. Nilijiambia nisimharibie. Uongo huo niliuamini kwa sababu ulinifaa.

Alikufa siku ya nne baada ya hapo. Makambi yalikuwa bado majuma matatu.

Tulimzika Susuni, pembeni ya kaburi la baba, aliyemtangulia. Watu wa kanisa walikuja, lakini walikuja kama majirani. Walisimama kule kwenye mahindi, hakuna mchungaji, hakuna sare za kwaya, hakuna kitabu kilichofunguliwa. Kaka wa mama aliomba kwa Kikurya, maneno machache. Wakaanza kumshusha. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kamba zikisugua mbao.

Nikasema, "Subirini."

Mume wangu alinishika kiwiko. Nikautoa mkono wake.

"Mwaka ule," nikasema, "niliulizwa kama niliona miguu ya chura. Sikuiona. Hakukuwa na miguu. Hakukuwa na chura. Zilikuwa soseji za nyama ya ng'ombe, alizitengeneza kwa mikono yake, na mimi nilidanganya chemchemini, na mama akanificha mpaka leo."

Vijana wengine hawakuelewa, mmoja akacheka aliposikia soseji. Wakubwa walielewa. Yule mzee wa kanisa alikuwa bado hai, amezeeka, anashikiliwa na mjukuu. Alitoka kwenye mahindi akaja mpaka ukingoni mwa kaburi, akavua kofia.

"Mwanangu," akasema, "ungetuambia."

"Mngemrudisha, mzee?"

"Siku hiyohiyo."

Alisema bila ukali wowote. Kisha akamgeukia binti yake, rafiki yangu wa chemchemini, sasa ni bibi na ndiye kiongozi wa kwaya, akamwashiria kwa kichwa. Naye akaanzisha wimbo, hapohapo kwenye mahindi, bila sare. Wenzake wakamwitikia, sauti ya kwanza, ya tatu, ya nne. Waliacha nafasi kama walivyozoea, wakingoja sauti ya pili ianze, na haikuanza.

Nilifungua mdomo niishike mimi. Sikuijua. Miaka yote ile nilikuwa ninaimba ndani na yeye yuko dirishani, na sikuwahi kumsikiliza.